Safari ya Vijijini Wales

Natumaini kila mmoja amepata mahali pa kukaa, na daftari na kalamu ziko mezani. Leo hatutafanya hesabu. Leo tutasafiri. Tutakwenda polepole, tukisimama tunapopenda, katika vijiji vya nchi moja ndogo iitwayo Wales.

Kabla ya kuondoka, nitawaambia kwa nini nimeichagua nchi hiyo. Nilipotembelea darasa moja la jioni, mzee mmoja aliniuliza swali mbele ya wenzake. Alisema, "Bwana, mimi nina wajukuu. Nikijua kusoma leo, kutanisaidia nini?" Wenzake walicheka, lakini yeye hakucheka. Nilimjibu upesi upesi, na jibu langu halikuniridhisha. Safari ya leo ni jibu la pili. Basi twende.

Wales iko upande wa magharibi wa kisiwa cha Uingereza. Eneo lake ni kama kilomita za mraba 20,800, yaani ni ndogo kuliko Rwanda. Watu wake ni kama milioni 3, lakini kondoo wao ni wengi zaidi, mara mbili na zaidi. Wenyewe huiita nchi yao Cymru. Lugha yao ni Kiwelisi, na si Kiingereza kilichoharibika, kama wageni wengine wanavyodhani. Ni lugha nyingine kabisa, nayo ilisemwa katika kisiwa hicho kabla Kiingereza hakijafika.

Tunaingia kwa gari. Magari hupita upande wa kushoto, kama kwetu. Mpakani pana kibao kikubwa: Croeso i Gymru. Maana yake, Karibuni Wales. Wanafunzi wenye macho makali watauliza, "Mbona umesema nchi inaitwa Cymru, na kibao kimeandikwa Gymru?" Swali zuri. Katika Kiwelisi, herufi ya kwanza ya neno hubadilika kufuatana na neno lililotangulia. Sisi hatuwezi kuwashangaa. Kwetu ukuta mmoja ni ukuta, na zikiwa nyingi ni kuta. Kila lugha ina mlango wake wa kuingilia.

Sasa tumeacha barabara kuu. Njia ni nyembamba, na kila upande pana ukuta wa mawe, wa kimo cha kifua cha mtu. Tazameni vizuri: hakuna saruji wala chokaa. Mawe yamepangwa tu, moja juu ya jingine, makubwa chini na madogo yakijaza nafasi katikati. Fundi akiyapanga sawasawa, ukuta husimama miaka mia. Nyuma ya ukuta ni majani mabichi, maana mvua hapa haina haya. Katika milima ya kaskazini, sehemu nyingine hupata zaidi ya milimita 3,000 za mvua kwa mwaka. Kumbukeni jambo hilo la maji. Tutalirudia.

Chini barabarani pameandikwa neno kubwa jeupe: ARAF. Maana yake, Polepole. Someni kwa sauti: a-raf. Ninyi mnaosoma Kiswahili mna bahati. Katika Kiwelisi herufi husomwa karibu kama zilivyoandikwa. Herufi mbili "dd" hutamkwa kama "dh" katika neno "dhahabu". Herufi moja "f" hutamkwa kama "v", basi neno hili hasa husikika "arav". Herufi mbili "ll" ni ngumu kidogo. Weka ncha ya ulimi nyuma ya meno ya juu kana kwamba utasema "l", kisha puliza pumzi pembeni. Jaribuni. Msiogope kuchekana.

Kituo chetu cha kwanza ni Llanddowror, kijiji kidogo kusini magharibi. "Llan" ni kanisa na uwanja wake, na vijiji vingi vya Wales huanza na neno hilo. Hapa pana kanisa la mawe, nyumba chache na barabara. Mgeni asiyejua angepita bila kusimama. Sisi tutasimama, maana hapa ndipo ndugu zetu walipotutangulia.

Mwaka 1716 alikuja hapa kasisi mmoja, jina lake Griffith Jones. Aliona kwamba watu wake wengi, wakulima na wachungaji, hawakujua kusoma. Hawakuwa na fedha ya ada, na shule za kila siku hazikuwafaa, kwa sababu mchana walikuwa kazini. Basi kuanzia mwaka 1731 hivi alibuni shule zinazozunguka. Mwalimu alifika kijijini, akakaa kama miezi mitatu, hasa wakati wa baridi ambapo kazi za shamba hupungua. Alifundisha mchana watoto na wenye nafasi, na usiku wale waliotoka kazini. Kisha alifunga safari, akaenda kijiji kingine. Walikuja watoto, watu wazima na wazee, wakakaa pamoja.

Siri ya pili ilikuwa lugha. Griffith Jones hakuwafundisha kwa Kiingereza wasichokijua. Aliwafundisha kwa Kiwelisi, lugha waliyozungumza jikoni na shambani. Kwa hiyo mwanafunzi hakubeba mizigo miwili kwa pamoja, wa herufi ngeni na wa lugha ngeni. Alibeba mmoja, akafika.

Alipofariki mwaka 1761, taarifa zake zilihesabu zaidi ya shule 3,000 zilizofunguliwa, na zaidi ya wanafunzi 150,000, bila kuhesabu wengi wa madarasa ya usiku. Bibi mmoja tajiri, Bridget Bevan, aliyekuwa akimsaidia kwa fedha, aliendeleza kazi mpaka alipofariki mwaka 1779. Habari zake zilifika mbali, hata mwaka 1764 Catherine, malkia wa Urusi, aliagiza apewe taarifa ya shule hizo. Malkia mkubwa kama yule aliuliza habari za wachungaji wa kondoo waliokuwa wakijifunza a, be, che gizani!

Tusonge mbele, kuelekea kaskazini. Kushoto ni bahari, kulia ni vilima. Karibu na kijiji cha Llanrhystud pana ukuta mmoja wa nyumba iliyobomoka, kando ya barabara. Umepakwa rangi nyekundu, na juu yake pana maneno mawili meupe. Sitawaambia maana yake sasa. Yaandikeni: Cofiwch Dryweryn.

Sasa tunapanda bondeni, chini ya mlima Cader Idris, wenye urefu wa mita 893. Kijiji kinaitwa Llanfihangel-y-Pennant. Msitishwe na urefu wa jina, tulikate vipande. Llan, kanisa. Fihangel, Mikaeli. Pennant, kichwa cha bonde. Kanisa la Mikaeli penye kichwa cha bonde. Mnaona? Neno refu ni maneno mafupi yaliyoshikana mikono.

Hapa pana magofu ya nyumba ya msichana wa kifukara, Mary Jones. Alijifunza kusoma katika shule ya kuzunguka, wakati kazi ile ilipokuwa imeanzishwa upya na kasisi Thomas Charles. Nyumbani hapakuwa na kitabu. Inasimuliwa kwamba aliweka akiba senti kwa senti kwa miaka sita, na mwaka 1800, akiwa na umri wa miaka 15, alitembea miguu mitupu kilomita zaidi ya 40 mpaka mji wa Bala kununua Biblia ya Kiwelisi. Sisi tutafuata njia yake, ila sisi tuko garini na hatuna haki ya kulalamika.

Njiani tazameni mashamba. Nyumba iliyo chini bondeni huitwa hendre, na iliyo juu mlimani huitwa hafod. Zamani wakati wa joto watu walipandisha ng'ombe na kondoo kwenye majani ya juu, na baridi ilipokaribia waliwateremsha. Wafugaji wanaotusikiliza hawahitaji kuelezwa. Desturi yenyewe imekwisha, lakini majina yamebaki katika mashamba mengi.

Tumefika Bala, mji mdogo kando ya ziwa Llyn Tegid, ambalo ni kubwa kuliko maziwa yote ya asili ya Wales. Hapa mwaka 1873 yalifanyika mashindano ya mbwa wa kuchunga kondoo, ya kwanza kuandikwa katika Uingereza. Mchungaji husimama mbali na kupiga mluzi. Mluzi mmoja, mbwa huenda kushoto. Mwingine, kulia. Mwingine, hulala chini kimya huku akiwakazia kondoo macho. Siku ile aliyeshinda alikuwa Mskoti, na nadhani watu wa Bala walimpigia makofi kwa adabu tu.

Sasa nyamazeni kidogo. Karibu na Bala kuna bwawa kubwa, jina lake Llyn Celyn. Maji yametulia, na vilima vinajitazama ndani yake. Ni pazuri. Lakini chini ya maji hayo pana kijiji.

Kiliitwa Capel Celyn, katika bonde la mto Tryweryn. Kilikuwa na nyumba kumi na mbili, posta, shule, na nyumba ya ibada yenye makaburi yake. Watu wake walikuwa wakulima, nao walisema Kiwelisi nyumbani, shuleni na ibadani. Mji wa Liverpool, ulio nje ya Wales, ulitaka maji. Mwaka 1956 wanakijiji, wakubwa kwa wadogo, walikwenda Liverpool wakaandamana mitaani na mabango. Waliandika barua na kutia sahihi zao. Hata hivyo mwaka 1957 Bunge la London lilipitisha sheria ya kujenga bwawa, na hakuna mbunge hata mmoja wa Wales aliyepiga kura kuikubali. Shule ilifungwa, watu wakahama, na baadhi ya maiti wakafukuliwa wakazikwe mahali pengine. Mwaka 1965 bwawa lilifunguliwa rasmi. Mwaka 2005 wakubwa wa mji wa Liverpool waliomba radhi.

Sasa mnaweza kusoma ule ukuta mwekundu. Cofiwch ni "kumbukeni". Dryweryn ni Tryweryn, ila herufi ya kwanza imegeuka. Kumbukeni Tryweryn. Maneno hayo yaliandikwa mwanzoni mwa miaka ya 1960. Yamechafuliwa mara nyingi, na mwaka 2019 sehemu ya ukuta ilibomolewa. Watu waliujenga tena, kisha wengine wakaandika maneno yaleyale katika kuta zao, mahali pengi Wales.

Wengi waliguswa kwa sababu kidonda kilikuwa cha zamani. Katika karne ya 19, shule nyingine za Wales zilimvika shingoni kibao mtoto aliyesikika akisema lugha ya mama yake. Alimpa mwenzake aliyekosa baada yake, na aliyekutwa nacho jioni ndiye aliyechapwa. Nasikia wengine wenu mnaguna. Ndiyo, hata shule nyingi za Kenya na Uganda zimekijua kibao cha namna hiyo.

Lugha haikufa, lakini imepungua. Mwaka 1911 karibu watu milioni moja walisema Kiwelisi. Katika hesabu ya watu ya mwaka 2021 walikuwa 538,000 hivi, yaani kama watu 18 katika kila 100. Vijijini vijana huondoka kutafuta kazi, na nyumba nyingi hununuliwa na wageni wanaokuja wakati wa likizo tu. Lakini tangu mwaka 2011 Kiwelisi ni lugha rasmi katika Wales. Kimo katika shule, redioni na katika vibao vya barabara, na serikali ya Wales imekusudia wasemaji wafike milioni moja mwaka 2050.

Sasa narudi kwa mzee aliyeniuliza swali. Mzee wangu, kama unasikiliza, sitakudanganya. Watu wa Capel Celyn walijua kusoma na kuandika, na maji yaliwafunika. Kusoma hakuzuii kila baya. Lakini sheria ilipoandikwa walijua imesema nini juu ya nyumba zao, wakajibu kwa maandishi na kwa majina yao wenyewe. Na kwa kuwa yaliandikwa, leo mimi nimeweza kukusimulia wewe, mtu wa mbali, habari za nyumba kumi na mbili. Hilo ndilo jibu langu la pili. Nadhani ni bora kuliko la kwanza.

Kabla ya kuagana, neno moja zaidi. Katika Kiwelisi, shule huitwa ysgol. Na ngazi ya kupandia, ile ya kuegemeza ukutani, nayo huitwa ysgol. Neno ni moja. Hakuna mtu anayeulizwa umri wake anapopanda ngazi.

Kazi ya nyumbani ni hii. Andikeni jina la kijiji chenu. Chini yake andikeni jina la mto au kisima mnachotekea maji, na maana ya jina hilo. Asiyejua maana amwulize mtu mzee kuliko yeye, kisha aandike jibu kwa mkono wake mwenyewe. Juma lijalo mwalimu atayasoma darasani.

Kwaherini, na nendeni polepole. Araf.