Siki ipo, nauli haipo

Mwaka 2022 saratani ya mlango wa kizazi iliua wanawake wapatao 350,000 duniani. Katika kila 100 waliokufa, 94 walikuwa wa nchi za kipato cha chini na cha kati. Na huu ni ugonjwa ambao dalili zake za awali muuguzi huziona kwa macho: anapaka siki iliyozimuliwa, anasubiri dakika moja, penye hitilafu panageuka peupe. Mara nyingi hutibiwa papo hapo, mama akarudi nyumbani.

Hapa Tanzania wasichana walianza kuchanjwa dhidi yake nchi nzima mwaka 2018, bure. Sawa, na mama zao? Mkulima wa Kigoma anayetokwa damu isiyo ya hedhi, akikutwa na saratani hii, atatumwa hospitali ya Bugando, Mwanza, au ya Ocean Road, Dar es Salaam, kwa mionzi ya wiki kadhaa. Nauli, chakula, pa kulala. Na watoto abaki nao nani? Anaahirisha mpaka mavuno. Akifika, ugonjwa umeshasambaa, halafu tunamlaumu kwa kuchelewa! Serikali ikinunua mashine nyingine ya mionzi, itenge pia fungu la nauli na malazi ya wagonjwa wa mikoani.