Nani Analima Serengeti?

Ukimuuliza mtu wa mjini ni nani anayewalisha nyumbu wa Serengeti, atakujibu: mvua. Hakukosea, ila amewasahau vibarua walio chini ya kwato za nyumbu hao.

Nyanda za kusini mashariki mwa Serengeti, zile za nyasi fupi, zimejengwa na majivu ya volkano. Upepo wa mashariki uliyapeperusha kutoka milima ya upande wa Ngorongoro. Oldoinyo Lengai, ambao Wamaasai wanauita Mlima wa Mungu, bado uko hai; ulitema majivu mwaka 1966 na tena 2007. Majivu haya yana madini mengi, ndiyo maana nyumbu zaidi ya milioni moja huyafuata majani ya huko wakati wa kuzaa.

Lakini majivu matupu si udongo. Mvua huyeyusha chokaa iliyomo, ikashuka na kuganda chini kama saruji. Mti hauna pa kupitisha mizizi. Nyasi zinaishi katika tabaka la juu tu, na tabaka hilo lina mafundi wake.

Fundi mkuu ni mbawakawa wa kinyesi. Kinyesi cha nyumbu hakijapoa, yeye ameshatua. Mmoja ataviringisha tonge kubwa kuliko yeye na kwenda kulifukia mbali. Mwingine atachimba palepale, akiteremsha mzigo wake chini na kuutoa udongo nje. Humo jike hutaga yai. Funza hula, kinachobaki kinakuwa mbolea kando ya mizizi, na tundu linabaki kuwa njia ya maji na hewa. Usiku mchwa naye hubeba nyasi kavu hadi kwenye kichuguu, huku akipandisha udongo wa chini. Majivu na samadi vikachanganyika bila jembe.

Waaustralia walilijua hilo kwa gharama. Wadudu wao walizoea kinyesi cha kangaruu, si cha ng'ombe wa wageni. Malisho yakafunikwa na samadi kavu, nzi wakatanda. Kati ya 1965 na 1985 wataalamu wao walilazimika kuagiza mbawakawa kutoka nje, wengi wao wa Afrika yetu hii!

Sisi tunao bure, na tunawaua. Ivermectin, dawa nzuri ya minyoo ya mifugo, haiishii mwilini mwa ng'ombe. Hutoka na kinyesi kwa siku kadhaa, na funza wa mbawakawa akila hafiki ukubwani. Wenzetu wa mjini tunaogombea mishikaki hatulioni hilo.

Sisemi ng'ombe waachwe na minyoo. Nasema adungwe anayeumwa, si zizi zima kwa mazoea. Na mvua zinapoanza, mbawakawa wanapotoka ardhini kutafuta kazi, bwana mifugo afikirie mara mbili kabla ya kujaza sindano.