Wali wa Sikukuu Uliolala

Leo twazungumza juu ya mwiku, ambao wengine huuita kiporo.

Sisi wa pwani, kuanzia Mtwapa hadi Malindi na Mambrui, tumelelewa na mwiku. Nani asiyekumbuka asubuhi ya siku ya pili ya Idi, au ile inayofuata Krismasi? Wali wa nazi wa jana hukaangwa kwa kitunguu, mchuzi wa samaki hupashwa moto, na watoto hugombea ukoko. Ni chakula kitamu, sikatai. Lakini mama, wali uliolala una jambo lake.

Katika mchele mkavu huwamo vijidudu vilivyojifungia kama mbegu, na moto wa kupikia hauvimalizi. Wali ukikaa na uvuguvugu jikoni, vijidudu huamka, huongezeka na kutoa sumu. Sumu hiyo haiondoki hata ukiupasha wali mpaka utoe moshi. Pua nayo haitoshi kukuonya. Wali wa tui huchacha upesi ukajulikana, lakini pilau yaweza kunukia iliki na mdalasini huku imeshaharibika.

Mtu mzima akila, mara nyingi atatapika au kuharisha siku moja kisha apone. Mtoto wa mwaka mmoja hupungukiwa na maji mwilini haraka sana, na hilo ndilo linaloua.

Zamani, kabla ya friji, watoto walitumwa kwa majirani na sahani zilizofunikwa kawa mchana ule ule, na kufikia jioni sufuria ilikuwa imeoshwa. Kama huna friji, fuata mtindo huo. Tena joto la Desemba hapa kwetu mnalijua.

Mwenye friji asingoje wageni waondoke. Sambaza wali kwenye sinia upoe, uutie ndani kabla ya muda wa saa 2 kupita tangu kuepuliwa. Ukiitia sufuria nzima, katikati hubaki na joto hadi usiku. Kesho yake upashe mara moja tu. Ikiwa stima ilipotea usiku kucha, utupe.

Chakula cha mtoto mtengee mapema, kabla ya pilipili: wali laini, samaki aliyetolewa miiba, na mchicha wa nazi. Mwiku uliolala nje usimpe kabisa, hata akilia.

Akiharisha, endelea kumnyonyesha na umpe maji ya pakiti ya ORS kidogo kidogo. Siku za sikukuu zahanati yaweza kuwa imefungwa, basi weka pakiti mbili nyumbani mapema. Zikikosekana, changanya lita 1 ya maji yaliyochemshwa yakapoa na vijiko vya chai 6 vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vyote vya kusawazishwa. Zahanati ikifunguka, ulizia vidonge vya zinki, ambavyo hupewa siku 10 hadi 14.

Macho yakibonyea, akishindwa kunywa, akitapika kila kitu, akilegea au choo kikiwa na damu, usingoje kupambazuke. Mpeleke hospitali iliyo wazi, na umweleze muuguzi mtoto alikula nini na saa ngapi.