Mwacheni Mtoto Apime Nyumba

(Maneno ya afisa wa habari wa kaunti kwa wazazi na walimu wa shule moja ya msingi mjini Lamu)

 

Kwanza niondoe tetesi. Shule za msingi ziko chini ya serikali ya kitaifa; sisi wa kaunti tumepewa chekechea na vyuo vya ufundi. Kwa hivyo sikuja kutangaza somo jipya. Nimekuja kuomba kwamba walimu wanapofundisha vipimo, sayansi na sanaa, watumie majengo yetu wenyewe, na sisi wazazi tusiwafukuze watoto wakija kupima kuta.

Najua mnavyonung'unika kuhusu Mtaala wa Umilisi. Leo manila, kesho gundi, keshokutwa rangi. Hili halitaki senti. Linataka kamba, rula na nyumba.

Mtoto akipima chumba cha nyumba ya kale ya mji huu, atakuta upana mara nyingi haufiki mita 3, ilhali urefu unaupita kwa mbali. Mwulizeni kwa nini. Atatazama juu aone boriti. Boriti ya mkoko ikizidi hapo itapinda kwa uzito wa dari la mawe na chokaa. Aliyeamua upana wa chumba, basi, si mwenye nyumba, ni mti! Hapo mtoto amepata hesabu na sayansi kwa mkupuo mmoja.

Kisha apime unene wa ukuta wa matumbawe, aelewe kwa nini ndani kuna ubaridi saa saba mchana. Atoke nje aone njia nyembamba zinavyotupa kivuli, na baraza ya dakani inavyompa mgeni pa kukaa bila kuingia walipo watu wa ndani. Usanifu wa majengo ndio huo: kuamua jua liingie wapi, maji yapite wapi, mgeni akae wapi. Wanaoishi kwenye nyumba za mabati au makuti nao wana maswali yao. Kwa nini paa la makuti likilala sana linavuja? Wajenge vipaa viwili vya boksi, kimoja cha mteremko mkali, wamwagie maji.

Sasa nije penye uchungu. Mji wa Kale wa Lamu uliingia katika orodha ya UNESCO ya Urithi wa Dunia mwaka 2001. Cheti hakishikilii ukuta. Kuta hizi zilijengwa kwa chokaa, na chokaa hupumua: ukuta ukilowa, hukauka. Tukiupiga plasta ya saruji, maji hupenya kwenye ufa au hupanda kutoka ardhini, yakakosa pa kutokea. Miaka michache ukuta unapendeza. Halafu plasta inabambuka pamoja na vipande vya ukuta, na vichwa vya boriti vilivyo ndani yake vinaoza. Siwalaumu wenye nyumba. Saruji iko dukani na inakauka upesi. Chokaa inataka tanuri, subira na fundi anayeijua, na mafundi hao sasa tunawahesabu kwa vidole.

Watoto wanaweza kuliona hili kwa macho yao. Watafute vijiwe viwili vya matumbawe vilivyoanguka kwenye ukuta mkuukuu (si vya kung'oa baharini, tafadhali), wavilowanishe usiku kucha. Kimoja wakifunge kwa kitambaa, kingine ndani ya pakiti tupu ya maziwa. Baada ya siku mbili wavishike. Mtoto aliyegusa jiwe lile bichi akiwa na miaka 10, siku akirithi nyumba atamwuliza fundi swali kabla mfuko wa saruji haujafunguliwa.

Walimu, waalikeni waashi na maseremala wazee darasani, hata kwa nusu saa. Mnawajua, na wengine ni babu za wanafunzi wenu.

Wazazi, watoto wasiingie magofuni wala kupanda kuta, na kabla ya kupima vyumba vya ndani wapige hodi; nyumba za watu zina heshima yake. Kamba ianze kwenu nyumbani wikendi hii.