Mishipa Iliyovimba Miguuni: Kipimo Kinachoonyesha Damu Inaporudi
Mazungumzo ya afya kwa wakazi wa Muhuru Bay, Nyatike



Kila anayefanya kazi ufuoni hapa ameiona miguu ya aina hii. Mama amesimama tangu alfajiri akipokea omena, akiianika na kuigeuza. Jioni miguu ni mizito, vifundo vimevimba, na kwenye shavu la mguu mishipa imejipinda kama kamba ya nyavu. Wengi huishi hivyo miaka mingi bila shida kubwa. Shida huja ngozi ya juu ya kifundo inapogeuka nyeusi na ngumu, ikawasha, kisha kikatokea kidonda kisichopona. Hapo maneno huanza: amekanyaga dawa, ametegewa. Mwaka unaisha mgonjwa bado ananyunyizia unga wa kapsuli.

Chanzo chake ni hiki. Damu iliyoshuka mguuni ni lazima ipande kurudi moyoni. Misuli huisukuma mtu anapotembea, na ndani ya mishipa mna vilango vidogo vinavyojifunga ili isirudi chini. Kilango kikilegea, damu hushuka tena, mshipa ukajaa na kutanuka. Kurithi, umri, ujauzito, unene na kusimama saa nyingi huchangia.

Jicho huona mshipa uliojitokeza, lakini halioni kilango kinachovuja. Uvimbe waweza kuwa karibu na goti, na mvujo uko kwenye kinena. Ndiyo sababu daktari huomba ultrasound.

Wanaume wengi wakisikia neno hilo hucheka, wakidhani ni kipimo cha wajawazito tu. Mashine ni ya jamii moja. Hutumia mawimbi ya sauti yasiyosikika kwa sikio, haina miale kama eksirei, na haiumi. Sehemu inayofuatilia mwendo wa damu huitwa Doppler, kwa jina la Christian Doppler, mwanasayansi wa Austria. Mwaka 1842 alieleza jinsi mawimbi yanavyobadilika kitu kinapokaribia au kuondoka, kama honi ya gari linalopita kasi barabarani.

Mgonjwa hupimwa akiwa amesimama, uzito ukiwa kwenye mguu mwingine. Hiyo si adhabu: akilala, mvujo hujificha. Mpimaji hupaka jeli ya baridi, hupitisha kichwa cha mashine kutoka kinena hadi kifundo, kisha huminya shavu la mguu na kuachilia. Akiminya, damu hupanda. Akiachilia, haipaswi kurudi. Kwenye mishipa ya karibu na ngozi, ikirudi kwa zaidi ya nusu sekunde, kilango kimelegea. Rangi nyekundu na bluu kwenye skrini huonyesha tu damu inaelekea wapi. Bluu si damu chafu.

Kisha hubonyeza mishipa ya ndani. Ulio wazi hubonyea kabisa, wenye damu iliyoganda haubonyei. Jibu hili ni zito kuliko yote. Mshipa wa ndani ukiwa umeziba, ule wa juu unaochukiza macho waweza kuwa ndiyo njia iliyobaki ya damu kupanda, na kuuondoa ni kumdhuru mgonjwa. Vivyo hivyo bandeji ya kubana: husaidia sana vidonda vya mishipa hii, lakini mguu usiofikiwa na damu ya kutosha, hasa wa mwenye kisukari, ukibanwa waweza kuoza. Tena kanda yetu ya ziwa ina watu wengi wenye selimundu, ugonjwa ambao nao huleta vidonda vya kifundo. Kwa hiyo mguu upimwe kwanza, ndipo ufungwe.

Mguu mmoja ukivimba ghafla, ukawa na joto na maumivu, mgonjwa afike hospitali siku hiyo hiyo, na mguu usikandwe. Akikosa pumzi au kifua kikimchoma, kila dakika ina thamani.

Si kila chumba cha ultrasound hupima mishipa ya miguu. Kichwa cha mashine ni tofauti na cha kupimia ujauzito, na mpimaji awe amefunzwa kazi hiyo. Mgonjwa aanzie kituo cha afya kilicho karibu, apewe rufaa inayotaja wazi mishipa ya miguu, na simu ipigwe kuulizia siku ya mpimaji kabla hajapanda gari kwenda Migori mjini. Anayetoka Migingo kwa mashua hana siku za kupoteza.

Hakuna haja ya kushinda na njaa. Kupima miguu yote miwili huweza kuchukua nusu saa au zaidi. Mgonjwa avae kaptura ndani, na anayeona haya ana haki ya kuomba mlango ufungwe.