Intavyu ya kazi ya programu: kamanda, fikiri kwa sauti

(Niliyozungumza na vijana wetu, Singida Mjini)

Leo siongelei uchaguzi. Wengi hapa mmemaliza chuo, mnajua kuandika programu, na mko nyumbani. Mmoja kaniuliza pale mlangoni: "Kaka, intavyu ya nini wakati kazi zina wenyewe?" Nitamjibu. Kwanza niwaambie huko ndani kukoje.

Serikalini, nafasi nyingi za maafisa TEHAMA hupitia Sekretarieti ya Ajira. Unaomba kwenye Ajira Portal. Ukiitwa kuna usaili wa mchujo, kisha kada yetu mara nyingi ina usaili wa vitendo kwenye kompyuta, halafu mahojiano ya ana kwa ana mbele ya jopo. Soma tangazo mpaka mstari wa mwisho. Beba vyeti halisi, cheti cha kuzaliwa na kitambulisho. Hati ya matokeo ya kidato cha nne haipokelewi badala ya cheti. Majina yakitofautiana, yashughulikie kisheria mapema. Usije ukarudishwa getini na nauli imeshaliwa.

Kampuni binafsi mara nyingi huanza na mazungumzo ya simu, kisha unapewa swali uandike programu wakikuangalia, halafu wanakuhoji juu ya kazi ulizowahi kufanya. Kama uliinakili kwa mtu, hapo ndipo utaumbuka.

Intavyu yangu ya kwanza ilikuwa Dar. Mzee aliuza alizeti nipate nauli. Nikapewa orodha ya namba za simu 1,000, nitafute zilizojirudia. Nikanyamaza robo saa, nikaandika programu inayolinganisha kila namba na zote zilizobaki. Ni ulinganisho 499,500! Wakaniuliza, zikiwa milioni je? Nikajibu, "Itafanya tu." Sikujua. Kazi nikaikosa.

Njia nyepesi ni kupita orodha mara moja: kila namba unaitunza kwenye kumbukumbu, ukikutana nayo tena, imejirudia. (Naona kuna kamanda anawaza daftari la wapiga kura. Subiri kwanza!)

Lakini kilichoniangusha haikuwa ile programu nzito. Kuanza na jibu la polepole si dhambi. Kilichoniangusha ni kunyamaza, halafu kudanganya. Sikuuliza hata swali moja. Namba moja inaweza kuandikwa kwa 0 mwanzoni na pengine kwa +255. Je, hizo ni mbili au moja? Ukiuliza hivyo, jopo linaona mtu anayefikiri. Sema unachofanya na kwa nini. Hujui, sema hujui, kisha eleza ungetafutaje jibu.

Mazoezi hayahitaji bando. Kaeni wawili wawili, mmoja awe jopo, mwingine msailiwa. Karatasi, kalamu, dakika 30. Zungumza huku unaandika. Wiki inayofuata ni SQL, kisha Git.

Sasa namjibu ndugu yangu wa mlangoni. Koneksheni zipo, sikudanganyi. Ila usipojiandaa, unampa mwenye koneksheni sababu halali ya kukuacha.

Na wanaoogopa kadi ya chama: Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, kifungu cha 7, inakataza ubaguzi wa maoni ya kisiasa, na inamlinda hata anayeomba kazi. Katiba nayo, Ibara ya 22, inampa kila raia fursa sawa ya kazi zilizo chini ya Mamlaka ya Nchi. Ukiulizwa chama, jibu kwa utulivu kwamba umekuja kwa ajili ya kazi. Ukitoka, andika tarehe na maneno yaliyosemwa, utuletee.

Lipo la kudai pia. Tangazo husema msailiwa atajigharamia usafiri, chakula na malazi. Mtoto wa Mkalama na mtoto wa mjini hawalipi nauli sawa kwenda kwenye chumba kilekile. Usaili mikoani uwe kawaida, hatua zote. Hiyo ni ajenda yetu, na anayeibeba vizuri ni kijana aliyejiandaa akafaulu, si aliyekata tamaa kabla hajaomba.

Jumamosi saa nne asubuhi, hapahapa. Njooni na karatasi. Mimi nitakuwa jopo, na sitacheka na mtu.