Chokaa Kwanza, Rangi Baadaye

Desemba 2020, sehemu ya jumba la kihistoria la Beit al-Ajaib iliporomoka, na dunia ikaugeuzia macho Mji Mkongwe wa Zanzibar. Nyumba za watu zikibomoka vichochoroni, nani hugeuka?

Mji huu umo katika Urithi wa Dunia wa UNESCO tangu mwaka 2000, na mwenye nyumba habadili mlango wa nakshi wala roshani bila kibali. Sawa. Lakini akibanwa bila kusaidiwa, atakimbilia saruji, maana fundi wake yuko kila kona. Hapo ndipo madhara huanza. Kuta hizi ni za mawe ya matumbawe na chokaa, hupumua. Zikipigwa lipu ya saruji, unyevu hunaswa ndani, chumvi hula ukuta, na boriti za mikoko huoza pale zilipochomekwa.

Kwa hiyo mfuko wa ruzuku ukianzishwa, ulipie chokaa na fundi anayeijua, si rangi ya kupendeza watalii. Tena usidai hati yenye jina moja: nyumba nyingi hapa ni za wakfu, nyingine mirathi ya ndugu waliotawanyika, na anayevujiwa ni mpangaji. Naye aruhusiwe kuomba.